Mali Isiyo Vitabuni: Taa wa Baharini na Mikuyu ya Kwetu

Hotuba ya mwanachama wetu, mhasibu, katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya Makuyuni

  

Kamati imenipa dakika ishirini, na mada ambayo baadhi yenu mmeicheka mlipoiona kwenye ratiba: utalii wa kupiga mbizi kwenda kuwaangalia taa. Niondoe wasiwasi mapema. Sizungumzii taa hizi zinazotumulikia ukumbini. Nazungumzia taa wa baharini, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, ambaye wengi wetu tuliolelewa bara tulimfahamu akiwa ameshakatwa vipande, amekaushwa kwa chumvi, anauzwa sokoni pamoja na papa ng'onda.

Mimi ni mhasibu. Bahari naijua kama mtu anayekwenda likizo anavyoijua. Lakini kamati iliponiomba nieleze kwa nini michango ya mwaka huu iende kwa kaya zinazolima kando ya vijito vyetu, sikupata mfano ulio wazi kuliko huyu samaki. Naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo. Tutarudi nyumbani.

Taa wako wa aina nyingi. Ninayemkusudia anaitwa manta, na ndiye mkubwa kuliko wote. Kuna manta wa miambani, ambaye kwa kawaida upana wake ni mita tatu hadi nne na zaidi, na kuna manta wa bahari kuu, ambaye anaweza kufika mita saba kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya lingine. Chukua Hiace ya abiria, egesha bodaboda nyuma yake, ndiyo mita saba hizo. Pamoja na ukubwa huo, hana mwiba wa kuchoma kama taa wengine. Chakula chake ni vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Anapanua kinywa, anapita, maji yanachujwa kwenye matamvua yake, naye anashiba.

Uzazi wake ndio uliomshtua mhasibu. Jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na huzaa mtoto mmoja. Baada ya hapo anaweza kukaa mwaka mmoja, miwili au zaidi kabla ya kubeba tena. Anaweza kuishi miaka 40, lakini maisha yake yote huenda asifikishe watoto ishirini. Kuku wa kienyeji wa pale kwetu akilalia mayai mara mbili, idadi hiyo imetimia. Kwa hiyo anayemvua manta mmoja anachukua kitu ambacho bahari itahitaji miaka mingi kukirudisha.

Sasa, watu hulipa nauli za ndege kutoka Ulaya, Marekani na Uchina ili wamwone samaki huyu akipita tu. Wengine hujifunga mtungi wa hewa mgongoni, wakashuka hadi kwenye mwamba ambao manta wamezoea kwenda kusafishwa. Ndiyo, kusafishwa. Samaki wadogo wa mwambani huwala vijidudu vinavyowanyonya, na manta huja, akatulia juu ya mwamba, mwingine akizunguka nyuma yake kungoja zamu, kama kinyozi siku ya Ijumaa. Wapiga mbizi hukaa kando, kimya, wakitazama juu. Wengine hawahitaji mtungi. Wanavaa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira miguuni, wanaelea juu ya maji huku uso umeangalia chini.

Mahali maarufu sana kwa jambo hili ni Ghuba ya Hanifaru huko Maldivi. Ni ghuba ndogo, lakini katika siku nzuri za msimu manta zaidi ya mia moja huweza kukusanyika humo kula. Serikali yao iliitangaza hifadhi mwaka 2009, na tangu 2012 hairuhusiwi kuingia na mtungi wa hewa. Ni miwani na mrija tu. Masharti yao ni rahisi: usimguse, usimfukuze, usimzibie njia. Walitambua kwamba hata mgeni anayelipa vizuri anaweza kuila mali akiachwa afanye apendavyo.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha. Kila manta ana madoa tumboni, na madoa ya mmoja hayafanani na ya mwingine, kama alama zetu za vidole. Mtalii akipiga picha ya tumbo la manta, watafiti wanaweza kulinganisha picha hiyo na zilizotangulia wakajua kama ni yule aliyeonekana mwaka jana au ni mgeni. Katika kazi yangu kitu hiki tunakiita rejesta ya mali: kila mali ina namba yake, tarehe iliyoingia na mara ya mwisho ilipoonekana. Kampuni nyingi hapa mjini zinashindwa kuweka rejesta kama hiyo kwa viti na kompyuta zao.

Sasa tuje kwenye shilingi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha makadirio ya fedha zinazotokana na watu kwenda kuangalia manta katika nchi 23. Walipata dola milioni 73 kwa mwaka zinazolipwa moja kwa moja kwa kupiga mbizi na kuogelea, na ukijumlisha malazi, chakula na usafiri, dola milioni 140. Makadirio ya kipindi hicho yalionyesha kwamba katika maeneo yenye utalii mkubwa manta mmoja anaweza kuleta hadi dola milioni moja katika uhai wake wote. Akiuzwa akiwa mfu, bei yake ilikuwa kati ya dola 40 na 500. Sehemu iliyotafutwa zaidi ni matamvua, ambayo hukaushwa na kupelekwa Uchina kutengenezea dawa za kienyeji. Biashara hiyo ilitisha kiasi kwamba mwaka huohuo wa 2013 mataifa yalikubaliana kuidhibiti chini ya mkataba wa CITES.

Gawanyeni milioni moja kwa miaka 40. Ni dola 25,000 kwa mwaka, kila mwaka, kutoka kwa samaki mmoja asiyelishwa na mtu wala kutibiwa na daktari wa mifugo. Dhidi ya dola 500, mara moja.

Mtu atauliza: kama hesabu iko wazi hivyo, kwa nini bado wanavuliwa? Hapo ndipo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jibu lake ndilo lililonileta kwenye jukwaa hili.

Wahasibu tuna viwango vya kimataifa, na kimojawapo, IAS 41, kinahusu mali zenye uhai: ng'ombe, mashamba, mabwawa ya samaki. Kinaeleza namna ya kuziweka vitabuni kwa thamani yake zikiwa hai. Lakini kiwango hicho kinaweka mpaka. Kinasema kwamba kuvuna vitu ambavyo hakuna anayevitunza hakumo ndani yake, na mifano kinayotoa ni miwili: uvuvi wa baharini na ukataji wa misitu. Yaani taa wa baharini na mti wa porini wamewekwa nje ya kitabu kwa sentensi moja. Taa akiwa hai hayumo kwenye hesabu za mtu yeyote. Anaingia vitabuni siku anapotua mnadani, akiwa amekufa. Mti nao unaandikwa siku unapokuwa gunia la mkaa.

Kwa hiyo mvuvi anayemtoa taa kwenye jarife lake hafanyi hesabu mbaya. Ile dola milioni moja haijawahi kupita mfukoni mwake. Anachokijua ni kilo, bei ya leo, na ada ya mtoto.

Nilipokwenda Mafia na familia yangu, tulifuata papa potwe. Huyu ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, naye pia hula vijidudu vinavyoelea na hana habari na binadamu. Kuanzia Oktoba hadi Machi huonekana karibu na Kilindoni, na unaogelea naye kwa miwani na mrija tu. Ndugu zetu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi. Wanasimulia kwamba Mwenyezi Mungu alipomwona alivyopendeza alimrushia sarafu za fedha kutoka mbinguni, ndiyo madoa meupe yaliyo mgongoni mwake. Mnaweza kufikiria furaha ya mhasibu kuogelea pembeni ya samaki mwenye jina hilo.

Basi kwa mazoea ya kazi nilitunza risiti zote za safari ile, na niliporudi nilizipanga. Risiti kubwa ilikuwa ya ndege. Iliyofuata ilikuwa ya hoteli. Fedha za boti zilikuja mbali nyuma yake, na katika hizo nahodha na kijana aliyepanda juu ya kibanda kumtafuta potwe kwa macho walipata sehemu yao. Mama aliyetuuzia chapati na pweza bandarini hakuwa na risiti, lakini nilimwandika. Ukitazama orodha ile unaona kwamba kadiri mtu alivyokuwa karibu na samaki, ndivyo alivyopata kidogo.

Mafia wamejitahidi kurekebisha hilo. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Vijiji vipo ndani ya hifadhi, watu hawakuhamishwa, na sehemu ya ada wanazolipa wageni hurudi vijijini. Bado kuna manung'uniko, lakini kanuni ni sahihi: anayeambiwa asivue mahali fulani lazima awe mmoja wa wanaopokea.

Manta wenyewe hapa kwetu huonekana kwa bahati, Pemba na kwingineko. Kaskazini mwa Pemba ipo hoteli iliyochukua jina la samaki huyo, na tangu 2013 ina chumba kinachoelea baharini ambacho kitanda chake kiko chini ya maji. Fedha za kumtazama samaki zipo, zimefika mpaka hapo. Lakini jirani zetu wa Msumbiji wameona upande wa pili. Ufukwe wa Tofo, mkoani Inhambane, ulijulikana duniani kote kwa manta. Watafiti waliokuwa wakipiga mbizi hapo waliweka kumbukumbu kuanzia 2003 hadi 2011, na katika muda huo kuonekana kwa manta wa miambani kulipungua kwa asilimia 88. Huko Msumbiji manta walikuwa bado wanavuliwa. Hoteli zilikuwepo, wageni walikuwepo, picha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kijijini mwenye sababu ya kutaka samaki yule aendelee kuishi.

Wana-Makuyuni wenzangu, sasa turudi nyumbani. Tushuke na mto.

Mto Pangani unaanzia kwenye milima ya Kilimanjaro na Meru, unapita katika wilaya yetu ya Korogwe, unaendesha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na unamwaga maji yake baharini kwenye mji wa Pangani. Maji yanayotoka kwenye vijito vyetu yanakwenda huko. Na udongo tunaoupoteza mvua za masika zinapopiga mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, huo nao unakwenda na maji. Matumbawe yanahitaji maji maangavu ili yaishi, na tope likiyafunika yanakufa.

Mbele ya Pangani, kilomita kama nane kutoka ufukweni, kipo kisiwa cha Maziwe. Wageni huenda hapo kwa boti kuogelea kwa miwani na mrija, kuona matumbawe na kasa. Kimehifadhiwa tangu mwaka 1975. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa na miti, na kasa wakija kutaga chini yake. Miti ilitoweka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilichobaki ni fungu la mchanga ambalo bahari ikijaa hulifunika lote. Kasa hawajaacha kuja. Wanataga kwenye mchanga utakaofunikwa na maji, na wanakijiji wa Ushongo huyahamisha mayai yale kuyapeleka bara ili yaanguliwe. Fikirieni kazi hiyo, kila msimu, ambayo zamani kivuli cha miti na mchanga mkavu viliifanya bure.

Nasi jina letu ni la mti. Makuyu ni matunda ya mkuyu, na Makuyuni ni mahali penye makuyu. Wazee mlio hapa mnajua kwamba mkuyu ukiuona umesimama bondeni, maji hayako mbali. Mnajua pia mikuyu mingapi imeingia kwenye matanuru ya matofali na magunia ya mkaa. Kila mmoja uliandikwa mahali fulani kwa bei yake siku ulipoanguka. Hakuna aliyewahi kuandika ulivyokuwa unatufanyia uliposimama. Bandu bandu huisha gogo.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Na ninyi nyote mmesoma mjadala kwenye kundi letu la WhatsApp. Ndugu zetu kadhaa wameuliza, tena kwa haki: kwa nini tuchange fedha kuwapa watu ili watii sheria? Si waambiwe watoke, wasipotoka wapigwe faini?

Naijibu hoja hiyo kwa heshima. Wanaolima kwenye zile mita 60 ni jirani zetu, wengine ni shangazi na wajomba zetu. Udongo wa pale una unyevunyevu wakati kwingine kumekauka. Mchicha, bamia na mahindi ya kiangazi yanatoka pale, na ndiyo yanayolipa daftari na sare za shule. Ukimwondoa mtu pale kwa faini, faida ya kijito kutiririka itakwenda kwa watumiaji wa maji wote, mpaka kwa wenye hoteli za Pangani. Gharama ataibeba yeye peke yake. Huo ndio mpango wa jarife na mnada: anayeombwa kuiacha mali iishi haoni kitu. Mkono mtupu haulambwi. Atatoka mchana, atarudi usiku, na mkuyu utaanguka.

Kwa hiyo mpango wa kamati ni huu. Kila kaya inayokubali kuacha ukanda wa mita 60 itasaidiwa bomba na pampu ya kupandisha maji, kwa utaratibu wa vibali unaotakiwa, hadi kwenye shamba lake lililo nje ya ukanda, ili bustani ya kiangazi iendelee. Ndani ya ukanda tunapanda mikuyu na miti mingine ya asili inayopenda maji, na kaya ileile inapewa mizinga ya nyuki ya kutundika humo. Asali ni yake. Aliyekuwa akitazama mti kama mkaa anapata sababu ya kuutaka usimame.

Kama mhasibu wenu nimeiomba kamati mambo matatu, nayo imeyakubali.

La kwanza, rejesta. Kila mkuyu ulio hai kwenye kijito utapewa namba, na wanafunzi wa shule zetu watapiga picha ya kila mti mara moja kwa mwaka kwa simu ya mwalimu. Kama watalii wanavyowahesabu manta kwa madoa, sisi tutaihesabu mikuyu kwa namba. Mwakani nitakaposimama hapa mtaniuliza: miti ilikuwa mingapi, iliyobaki ni mingapi? Na nitajibu kwa karatasi.

La pili, hesabu za mfuko zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila robo mwaka, kwa Kiswahili chepesi. Anayepewa pampu ajue imenunuliwa kiasi gani, na asiyepewa ajue pia.

La tatu, kaya zenyewe ziwe na wajumbe wawili kwenye kamati, wenye kura. Tusije tukafanya mambo ya kule nilikopanga risiti, kwamba aliye karibu na mali ndiye wa mwisho kuhesabiwa.

Mgeni rasmi, ndugu zangu. Wengi wetu hapa tuna uwezo wa kwenda likizo siku hizi, na ni jambo jema. Nawaomba mwaka huu wenye watoto wawapeleke Pangani. Wavalisheni miwani na mrija, wakaone matumbawe ya Maziwe kwa macho yao. Halafu mkirudi piteni Makuyuni, muwaonyeshe kijito ambacho maji yake yanakwenda kule. Mtoto ataelewa kwa siku mbili jambo ambalo mimi limenichukua dakika ishirini.

Fomu za ahadi ziko mezani mbele yenu. Zina mistari mitatu: pampu, mizinga na miche. Weka alama kwenye mstari unaoutaka, andika kiasi, andika na mwezi utakaolipa. Ahadi isiyo na tarehe siwezi kuiingiza vitabuni, na kwa leo tumezungumza vya kutosha kuhusu mali zisizo vitabuni.

 Mungu aibariki Makuyuni.